Alfred Bird: Mkemia aliyempikia mkewe kastadi isiyo na yai

Katika maduka mengi ya vyakula ya miji yetu, kwenye rafu ya sukari, hamira na viungo vya chai, hukosi kuona kopo au pakiti ya unga wa kastadi. Ni unga mweupe unaoelekea umanjano mdogo, laini kama poda ya mtoto, na ukiukoroga kwenye maziwa ya moto hubadilika ghafla na kuwa mchuzi mzito wa rangi ya dhahabu. Jumapili mchana humwagwa juu ya ndizi, embe na papai lililokatwakatwa, na watoto hugombania bakuli la mwisho.

Wafanyabiashara wanaopita Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo wanaufahamu unga huo kama bidhaa nyingine yoyote ya dukani. Hauvunjiki kama mayai, hauozi kama nyanya, na katoni yake ni rahisi kubeba. Wachache wanajua kwamba bidhaa hiyo ilianza kama chakula cha mgonjwa, katika nyumba ya mwenye duka la dawa huko Uingereza, ambaye mke wake alikuwa hawezi kula mayai.

Mtu huyo aliitwa Alfred Bird. Maisha yake yana mafunzo kwa yeyote anayeishi kwa kununua huku na kuuza kule, kwa sababu biashara yake kubwa haikuanza kwa kutafuta soko. Ilianza kwa kutazama shida ya mtu mmoja na kuitafutia dawa.

Mtoto wa mwalimu wa nyota

Alfred Bird alizaliwa mwaka 1811 katika kijiji cha Nympsfield, mkoa wa Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, aliyefundisha masuala ya nyota katika shule ya Eton. Kijana Alfred alisoma katika shule ya King Edward mjini Birmingham, kisha akawekwa kwa mkemia wa mji huo, Philip Harris, kujifunza kazi ya dawa.

Kazi hiyo wakati ule haikuwa kusimama nyuma ya meza na kutoa vidonge vilivyokwisha kufungwa kiwandani. Mwenye duka la dawa alisaga mwenyewe, alipima kwa mizani ndogo, alichanganya na kufunga. Alipaswa kujua ni unga gani ukikutana na unga gani hutoa povu, ni kipi huharibika kwa unyevu, na ni kiasi gani cha kitu huponya au huua. Ukikosea kipimo, mteja hakurudi tena, na pengine hakuwapo wa kurudi.

Birmingham yenyewe ulikuwa mji wa karakana. Watu wake walitengeneza vifungo, bunduki, vito na ncha za chuma za kalamu, na mali hiyo ilisambazwa mbali. Mwaka 1837, mwaka ambao Malkia Victoria alikalia kiti cha ufalme, reli iliufikia mji huo kutoka upande wa Liverpool na Manchester. Mwaka uliofuata reli nyingine iliuunganisha na London. Mzigo uliokuwa ukienda kwa farasi au kwa mashua za mifereji, sasa ulifika kwa saa chache.

Katika mji huo uliokuwa ukifunguka, Bird alianzisha duka lake. Alijitambulisha kama mkemia anayefanya majaribio, na majaribio kweli aliyafanya. Aliyapenda maisha yake yote.

Mayai yaliyokuwa yakimkataa Elizabeth

Ili kuelewa alichofanya Bird, ni lazima kujua kastadi ilivyokuwa kabla yake.

Kastadi ya zamani ni maziwa na mayai. Kwa nusu lita ya maziwa mpishi huhitaji viini vya mayai vinne hivi, pamoja na sukari. Maziwa hupashwa moto, humiminwa kidogo kidogo juu ya viini huku mkono ukikoroga bila kupumzika, kisha mchanganyiko hurudishwa kwenye moto mdogo sana. Viini vikipata joto hushikana na kuufanya mchuzi uwe mzito. Hapo ndipo penye mtihani. Joto likizidi nyuzi 85 hivi za sentigredi, yai huganda vipandevipande na maziwa hujitenga. Mpishi aliyegeuka kuzungumza na jirani hurudi na kukuta sufuria ya mayai ya kuvuruga yenye sukari.

Waingereza waliipenda kastadi hata hivyo. Waliila na matofaa yaliyochemshwa, na matunda ya msimu, na keki iliyolowekwa. Mezani kwa Bird ilikuwa hivyo pia, isipokuwa kwamba mwenye nyumba mmoja alikaa akitazama tu. Mke wake, Elizabeth, alikuwa na tatizo ambalo leo tungeliita mzio. Mwili wake haukuyakubali mayai. Mkate ulioumuliwa kwa hamira nao ulimsumbua.

Anayeishi na mtu mwenye mzio anajua uzito wa jambo hili. Kwa wengine yai ni kitoweo. Kwa mtu kama huyo linaweza kuleta vipele, tumbo kuvuruga, hata pumzi kukata. Na chakula kikishachanganywa huwezi kulitoa yai ndani yake. Elizabeth alibaki na mambo mawili: kukaa bila kula, au kula akiwa na hofu.

Waume wengi wangeishia kusema mama apikiwe kitu kingine. Bird alirudi dukani kwake akafanya majaribio.

Siri iliyo kwenye sufuria ya uji

Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka: ni kitu gani kingine, mbali na yai, kinaweza kuyafanya maziwa yawe mazito na laini? Jibu alilolipata ni lile ambalo kila mpika uji wa Afrika Mashariki amelishika mkononi bila kuliita kemia. Ni wanga.

Chembe za wanga zikiwa kwenye maji baridi hutulia tu, zikizama polepole chini ya kikombe. Zikipata joto hunywa maji, huvimba na kusukumana, na kile kilichokuwa chepesi huwa kizito. Tofauti na yai, wanga hauogopi mchemko. Hautakatika ukiugeuzia mgongo kwa dakika moja. Unachotaka ni jambo moja tu: ukorogwe kwanza kwa kitu baridi. Ukiutupa mkavu ndani ya maziwa yanayochemka, nje ya kila donge huiva na kuziba, na ndani hubaki unga mkavu. Ndiyo yale mabonge ambayo mama mkwe huyaona kabla ya kuona kitu kingine.

Kastadi ya Bird, kama inavyojulikana hadi leo, msingi wake ni wanga wa mahindi, chumvi kidogo, ladha ya vanila na rangi ya manjano. Rangi hiyo hutokana na mbegu za mzingefuri, mti ambao watu wa pwani wanaujua kwa wekundu wake unaoshika vidole. Mzingefuri hulimwa hadi leo katika Kaunti ya Kwale, upande wa Kenya wa mpaka wa Lungalunga, na mbegu zake huuzwa kwa ajili ya rangi za vyakula. Kwa hiyo, anayefungua kopo la unga huo hafungui kitu kigeni kama anavyodhani. Mahindi anayajua. Mzingefuri upo kwao.

Mwaka unaotajwa kuwa wa uvumbuzi huo ni 1837, wakati Bird akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Alikuwa ametengeneza kitu kwa ajili ya mtu mmoja, na inaelekea hakukusudia zaidi ya hapo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kuna kisa kinachosimuliwa katika historia ya kampuni yake. Inasemekana siku moja wenyeji hao walikuwa na wageni, na mezani ikapelekwa kastadi ya unga, ile ya Elizabeth, badala ya kastadi ya mayai. Wageni wakala. Hakuna aliyelalamika. Waliipenda.

Bird alikuwa mtu wa majaribio na aliona kwamba jaribio lilikuwa limefanyika bila yeye kulipanga. Mpaka siku ile alidhani ametengeneza mbadala wa mgonjwa, kitu ambacho mtu mzima wa afya angekivumilia tu kwa heshima. Wageni hawakujua kwamba walipaswa kukivumilia. Walikihukumu kwa ulimi, nao ulimi ukakubali.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji hawa walipona namna mbili. Elizabeth alipata kula sahani moja na wageni wake. Na duka la mumewe likapata bidhaa mpya, ambayo aliifunga na kuiuza.

Ni vyema kuangalia bidhaa hiyo kwa jicho la mchuuzi. Trei ya mayai inataka gari lisiloruka mashimo. Maziwa yanataka baridi. Kastadi iliyokwisha kupikwa haivumilii hata siku mbili za jua. Lakini unga mkavu, ukifungwa vizuri, hukaa miezi. Ni mwepesi. Kijiko kimoja au viwili vinatosha nusu lita ya maziwa, kwa hiyo mzigo mdogo hubeba thamani kubwa. Maziwa na matunda mteja huyapata huko huko aliko. Bird hakusafirisha chakula chote. Alisafirisha kile kidogo ambacho mteja asingeweza kujitengenezea. Reli zilizokuwa zikijengwa kila upande wa Uingereza zilimaliza kazi iliyobaki.

Mkate wa Elizabeth, mkate wa askari

Kastadi ilikuwa nusu ya kazi. Bado kulikuwa na mkate.

Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari iliyomo kwenye unga, hutoa hewa, na hewa hiyo huuinua mkate. Bird alitafuta njia ya kupata hewa ile ile bila hamira. Mwaka 1843 alikuwa ameipata: unga unaochanganya magadi na asidi kavu, ukiwa na wanga katikati yake ili kuuzuia usipate unyevu. Ukiwa mkavu umetulia. Ukikutana na maji, magadi na asidi huanza kupambana, hewa hutoka, na donge hupanda tanurini. Hiyo ndiyo beking pauda, ambayo leo wauza keki, wauza maandazi ya haraka na wapika chapati za maji wanaitumia kutoka Goma hadi Zanzibar.

Elizabeth akapata mkate wake. Lakini mara hii pia shida ya mtu mmoja ilikuwa shida ya wengi. Kati ya mwaka 1854 na 1856 Uingereza ilipigana na Urusi katika Vita vya Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Jeshi lililo mbali na kwao linataka mkate, na kutunza hamira hai kambini, kwenye baridi na tope, ni taabu kubwa. Beking pauda ya Bird ilinunuliwa kwa matumizi ya jeshi hilo, na askari waliweza kuokewa mkate mpya bila kungoja hamira ivimbe.

Dawa ya jikoni kwake ilikuwa imevuka bahari kwa sababu ile ile iliyofanya kastadi yake ienee: ilikuwa kavu, nyepesi, na haikuharibika njiani.

Mtu wa mabakuli ya kioo

Ingekuwa rahisi kumdhania Bird kuwa tajiri aliyewaza faida usiku na mchana. Waliomjua walimwona vingine. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Wanakemia cha London, na mapenzi yake makubwa yalikuwa sayansi yenyewe.

Alijenga baromita ya kupima mgandamizo wa hewa kwa kutumia maji badala ya zebaki. Baromita ya zebaki ni kifaa cha kutundika ukutani, kwa kuwa zebaki hupanda sentimita 76 tu. Maji, kwa wepesi wake, hupanda hadi mita 10 hivi, kwa hiyo aliyeamua kujenga kifaa hicho aliamua kujenga kitu cha urefu wa ghorofa tatu. Alitengeneza pia seti ya mabakuli ya kioo yaliyopangwa kwa sauti, zaidi ya oktavu tano, na akayapiga kama ala ya muziki kwa ustadi mkubwa.

Alfred Bird alifariki dunia mwezi Desemba mwaka 1878 huko Kings Norton, karibu na Birmingham. Wanasayansi wenzake waliandika tanzia yake katika jarida la chama chao. Walieleza kwa kirefu utafiti wake na bidii yake katika elimu. Kastadi hawakuitaja.

Pengine waliona ni jambo la jikoni, lisilostahili kuwekwa kando ya baromita. Lakini baromita yake leo haipo kwenye rafu ya duka lolote, na wanaoifahamu ni wachache. Kitu alichokifanya ili mkewe asikae na sahani tupu ndicho kilicholibakiza jina lake.

Mtoto aliyejua kutangaza

Kazi ya kulikuza jina hilo ilichukuliwa na mwanawe, Alfred Frederick Bird. Baba alijua kuchanganya. Mwana alijua kuuza. Chini yake kampuni ilipanua bidhaa zake, ikawekeza katika matangazo, na jina la Bird likawa karibu sawa na neno kastadi katika nyumba za Waingereza. Yeye mwenyewe alikuja kuwa mbunge, na alifariki mwaka 1922.

Kiwanda kikubwa kilijengwa katika eneo la Digbeth, Birmingham. Mwaka 1964 uzalishaji ulihamishiwa mji wa Banbury. Majengo ya zamani hayakubomolewa. Leo yana studio, maduka na ofisi za biashara ndogondogo, na bado yanaitwa kiwanda cha kastadi.

Jina la Bird halikubaki peke yake sokoni. Unga wa aina hiyo sasa hutengenezwa na kampuni nyingi duniani, kwa kuwa mchanganyiko wenyewe si siri tena. Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapopaswa kukumbuka unga huu ulianzia kwa nani. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye yai lingemdhuru, na thamani yake ya kwanza ilikuwa kwamba mlaji alijua hamna yai. Siku hizi si kila unga unaoitwa kastadi umefuata njia hiyo. Baadhi vina unga wa maziwa au viambato vingine. Anayefungua katoni na kuupima upya kwenye vifuko visivyo na jina, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho ya matumizi, huokoa shilingi chache na kumnyima mteja kitu kile kile ambacho Elizabeth alikihitaji. Mama mwenye mtoto wa mzio hawezi kuusoma mfuko usioandikwa.

Bakuli la matunda na kastadi, nyumbani

Baada ya maisha ya Bird, ni haki kumalizia jikoni. Bakuli hili linatosha watu wanne, na halihitaji oveni wala mashine.

Andaa nusu lita ya maziwa, vijiko viwili vya chakula vya unga wa kastadi na vijiko viwili vya sukari. Kwa matunda, chukua ndizi mbivu mbili, embe moja kubwa, kipande cha papai na chungwa moja. Nanasi likipatikana ni zuri zaidi, lakini lina masharti yake, kama tutakavyoona.

Weka unga wa kastadi na sukari kwenye kikombe. Chota vijiko vinne au vitano vya maziwa baridi, ukoroge mpaka pasiwe na donge hata moja. Maziwa yaliyobaki yabandike jikoni. Yakikaribia kuchemka, yaepue, mimina ule uji wa kikombeni polepole huku unakoroga, kisha rudisha sufuria kwenye moto mdogo. Endelea kukoroga kwa mwiko au mchapo mpaka ianze kutokota na kuwa nzito, kama dakika mbili au tatu. Usiitoe mapema, wanga usioiva huacha ladha ya unga mbichi mdomoni. Ipua, funika uso wa kastadi kwa karatasi laini ya plastiki iliyogusana nayo, au koroga mara kwa mara inapopoa, ili isifanye utando.

Menya matunda na kuyakata vipande vya ukubwa wa kuingia kijikoni. Ndizi ikatwe mwisho na kunyunyiziwa maji ya ndimu au chungwa, la sivyo itageuka kahawia. Panga matunda bakulini, mimina kastadi iliyopoa juu yake, na upakue.

Sasa masharti ya nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na papai linacho cha aina yake. Vikikaa muda mrefu ndani ya kastadi ya maziwa, huweza kuifanya iwe chungu na yenye majimaji. Dawa yake ni kulichemsha nanasi kwa dakika tano na sukari kidogo, kwa sababu joto hukiua kimeng'enya hicho, kisha kulipoza. Papai liwekwe dakika ya mwisho, wakati wa kula. Chungwa nalo likamuliwe maji ya ziada, kwa kuwa ukali wake ukizidi huweza kuyakata maziwa.

Kama unga wa kastadi umeadimika, fanya alichofanya Bird. Chukua vijiko viwili vya wanga wa mahindi uliosafishwa, si sembe wala dona, ongeza chembe ya chumvi, matone ya vanila, na manjano kidogo sana, kiasi cha ncha ya kisu, kwa ajili ya rangi. Pika kwa namna ile ile. Mwenye kupenda ladha ya pwani atie iliki iliyosagwa badala ya vanila.

Bakuli hili likiisha kuchanganywa liliwe siku hiyo hiyo, na lisikae nje ya friji kwa zaidi ya saa mbili. Wakati huo faida yote ya ukavu imekwisha. Kilichobaki ni maziwa na matunda, navyo havina subira.

Jambo hilo wachuuzi wa matunda hawahitaji kufundishwa. Machungwa ya Tanga yanayokwenda Kenya na mananasi ya Uganda yanayovuka Busia huhesabu saa zao wenyewe, na kila saa ya foleni hukatwa kwenye faida. Ni kweli kwamba mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huweza kuvuka kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili, thamani ya mzigo isipozidi dola 2,000 za Marekani. Lakini cheti hakilizuii embe lisiive.

Bird aliliona tatizo la namna hiyo kwenye yai. Hakuweza kulifanya yai lidumu, wala kumfanya Elizabeth alile. Alijiuliza lile yai lilikuwa likifanya kazi gani ndani ya sufuria, akatafuta kitu kingine cha kuifanya kazi hiyo, kisha akakikausha na kukifunga. Mpakani leo kuna embe linalooza ambalo lingekaushwa, na nanasi linaloanza kuchacha ambalo lingekuwa jamu. Huenda pia kuna mtu nyumbani ambaye kila siku anakipita chakula fulani bila kukigusa, na hakuna aliyemuuliza ni kwa nini.